Garderie Isiyofungwa Siku ya Ville Morte

Karatasi ya masista niliibandika jikoni mwezi wa tisa, juu ya mahali pa makaa, na kila nilipokoroga uji niliisoma tena kama karatasi ya mtu anayetaka kuniuzia kiwanja kisicho chake. Ilikuwa kalenda ya maternelle, shule ya wadogo pale chini ya parokia, na ilionyesha siku zote ambazo mlango wao ungefungwa. Noeli, sawa. Pasaka, sawa. Sikukuu ya walimu, sawa, nao ni watu. Sikukuu ya mtakatifu mwenye shule yake, haya. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika: "na siku nyingine zozote kufuatana na hali ya mji." Mume wangu alisema hayo ni maneno ya kawaida. Mimi nikasema, aka! hapo ndipo walipoficha nusu ya mwaka.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimezaliwa upande wa Eringeti, kaskazini ya Beni, na kwetu mtu akisikia mbwa wa jirani amenyamaza hasemi afadhali, anauliza kwa nini amenyamaza. Tulikimbilia Butembo nikiwa na mimba. Baadaye mume wangu alirudi Beni kwa ajili ya kazi, kwenye depo ya kakao, akawa anapanda kutuona kila baada ya wiki mbili, barabara ikikubali. Mimi nilipata nafasi ya kuzalisha katika maternité ya hospitali moja ndogo. Kwa hiyo kila asubuhi tulibaki wawili tu nyumbani, mimi na binti yetu wa miaka mitatu na nusu, mtoto mwenye mdomo wa avoka, wakili wa mahakamani.

Sasa, kwa asiyejua ville morte. Ni siku ambayo watu, kwa hasira ya ndugu zao wanaouawa vijijini na waasi, wanaamua mji wote usimame. Maduka yanafungwa, pikipiki zinalala, vijana wanapanga mawe barabarani na kuchoma tairi, na shule ndiyo ya kwanza kufunga. Hasira yenyewe ninaielewa, ni yangu pia, nina makaburi ya kuonyesha. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu hawezi kusubiri mawe yatolewe, na maternité haijawahi kufungwa hata siku moja. Nami ndiye niliyetakiwa kuwa pale.

"Mupeleke ku maternelle," mume wangu aliniambia kwa simu kutoka Beni. "Masista batamufundisha Kifaransa."

"Na siku masista bakifunga, Kifaransa njo itamuchunga?"

"Weye, unashuku mpaka masista!"

"Masista hapana. Nashuku kalenda yao."

Kulikuwa na njia ya pili. Mama anayefagia maternité, mwenzangu mwenye sauti ya kwaya na miguu isiyochoka, alikuwa na mtoto wake wa kiume kwenye garderie moja, nyumba ya kuchunga watoto, karibu na barabara kubwa. Aliniambia pale wanapokea watoto tangu saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi hadi saa kumi na moja ya jioni, mwaka mzima. Nikaenda kuona. Lango la bati, uani kumefagiwa vizuri, mikeka, chungu kikubwa cha maharagi, watoto kama kumi na wanne. Mwenyewe alikuwa bibi mfupi, mjane wa kanisa la Kiprotestanti, na wote walimwita Mukaka, kama tunavyoita bibi kwa Kinande. Wakwe zake wawili, wake wa wanawe, walimsaidia. Hakunipa kiti.

"Mukaka, munafungaka siku gani?"

"Hatufungake."

"Hata Noeli?"

"Batoto banakulaka hata Noeli."

"Na ville morte?"

Hapo alinitazama kwanza. Alitazama viatu vyangu, akatazama mtoto, akasema, "Siku ya ville morte utamuleta mbele ya saa moja. Na viatu ya kufunga kamba. Sandale hapana."

Basi moyo wangu ukagoma palepale. Mji mzima unafunga, benki inafunga, askofu mwenyewe anabaki nyumbani, halafu bibi mmoja na chungu chake cha maharagi eti hafungi? Na viatu vya kamba ni vya nini, mtoto anakaa kwenye mkeka? Mtu anayekwambia hafungi, ama anadanganya ama ana kitu anachokificha nyuma ya nyumba. Nilimshukuru kwa heshima, nikampeleka mtoto kwa masista.

Maternelle ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mtoto alivaa kitambaa cha shule cha buluu, akaimba nyimbo za Kifaransa mpaka jirani akaniomba nimnyamazishe. Lakini ville morte ya kwanza ilipotangazwa kwenye simu, masista walifunga, na jirani aliyekuwa akimpokea mtoto akitoka shule saa sita alikuwa amekwenda kilioni Kayna. Nilibaki nyumbani. Ya pili nilimbeba mgongoni mpaka kazini, nikamficha kwenye chumba cha mashuka. Alikaa kimya dakika ishirini, kisha akaanza kuimba. Mkubwa wetu wa kazi, mama mnyofu asiyependa kelele, alifungua mlango akamkuta ameketi juu ya mashuka safi na viatu vyake vya matope.

"Mama," aliniambia, "mara ya kwanza nilisema pole. Leo ninaandika. Mara ya tatu sitakuandikia weye, nitaandikia ule atakuya ku nafasi yako."

Wiki ileile nilimhamishia mtoto kwa Mukaka. Mume wangu alinuna kwenye simu, mimi nikanuna kwake, na mtoto akanuna kwa sababu kitambaa cha buluu kilibaki kwa masista.

Nilimpeleka lakini sikumwamini yule bibi. Kila jioni nilimkagua mtoto kama askari wanavyokagua mizigo kwenye baryeri barabarani. Nilinusa nywele. Niliangalia kucha. Niliuliza wamekula nini, nani amelala, nani amepigwa. Alinijibu maharagi, wote wamelala, hakuna aliyepigwa, na jibu hilohilo kila siku likanitia wasiwasi zaidi. Kwa nini kila siku ni sawa? Nani amemfundisha?

Kisha ikaja ville morte nyingine. Nilimleta kabla ya saa moja, na viatu vya kamba, kama nilivyoambiwa. Siku nzima nilizalisha nikiwa na kichwa kwingine. Jioni nilimkuta mtoto amechoka, midomo mikavu kwa jua, na ndani ya viatu vyake udongo. Si vumbi la uani. Udongo mweusi wa mlimani.

"Mulienda wapi?"

"Shamba."

Wee! Mtu wa Musienene, hapa karibu na Butembo, akisikia neno shamba anawaza viazi. Sisi wa Eringeti, shamba ni mahali ambapo watu wetu walikwenda asubuhi na jembe, hawakurudi. Mama yangu mdogo alikwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, tukamngoja. Ndiyo sababu tuliacha kakao yetu ikaoza mtini tukaja kuishi kwenye chumba kimoja cha kukodi. Na bibi huyu anampeleka mtoto wangu huko!

"Mulipita wapi?"

"Pale ku batu ya mawe. Mukaka aliwaambia mimi ni mujukuu yake."

"Alisema nini?"

"Sisi wote ni bajukuu yake. Tukapita."

Mwanamke anawaambia watu barabarani kwamba mtoto wangu ni wake, kisha anampeleka porini. Nilimpigia mume wangu, akasema, "Mutoe kule leo leo." Alisema kweli, lakini nikimtoa nitamweka wapi? Kazi yangu ingekwisha wiki hiyohiyo. Nikamuuliza mwenzangu anayefagia. Alitazama nyuma yake kwanza, akasema polepole, "Ile maneno ya shamba, hapana uliza mingi. Mutoto anarudiaka? Anarudiaka. Basi." Sasa hata yeye nikamshuku.

Mtu angesema, ungemuuliza Mukaka mwenyewe. Aka. Ningeuliza, naye angepata nafasi ya kutengeneza jibu. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Haikuchukua muda. Ujumbe ulizunguka kwenye simu: ville morte, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza nilimfikisha mtoto langoni mapema, nikaaga kwa sauti kubwa ili wote wasikie kwamba ninakwenda kazini, nikazunguka nyuma ya duka lililofungwa. Nilihesabu kwamba ningechelewa kwa saa moja tu. Bluzi yangu ya kazi ilikuwa ndani ya sakoshi yangu ya begani.

Lango lilifunguka. Mukaka alitoka wa kwanza, jembe begani. Nyuma yake watoto wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika fundo kwenye kikwembe kirefu kilichosokotwa kama kamba. Binti yangu alikuwa wa tano. Wakwe wawili walifuata nyuma, wachanga migongoni, chungu kichwani. Hawakupita barabara kubwa. Walishuka kwa njia ya mikaratusi mpaka kwenye daraja dogo, pale njia inapopanda mlima upande wa Musienene.

Kwenye daraja palikuwa na mawe na vijana, mmoja ameshika tairi. Nilijibanza. Niliona Mukaka akiongea nao, akionyesha watoto kwa kidole, mmoja akicheka. Kijana mwingine akawabeba wadogo mmoja mmoja kuwavusha juu ya mawe, na binti yangu pia. Halafu wakapanda mlima wakapotea. Nikatoka mbio kuwafuata.

"Mama, unaenda wapi?" wale vijana wakanizuia.

"Ninapita."

"Jembe yako iko wapi?"

Sikuwa na jembe. Siku ya ville morte mtu wa shamba anapita, hakuna anayemzuia, kwa maana shamba si biashara na watu lazima wale. Mtu wa hospitali pia anapita. Mimi nilikuwa na sakoshi. Wakaifungua, wakatoa bluzi nyeupe, wakaniangalia.

"Hospitali iko kule," kijana mwenye tairi akasema, akionyesha nilikotoka. "Weye unaenda huku. Unafuata nani? Nani alikutuma?"

Hilo ni swali baya kwetu. Watu wamekufa kwa kukosa kulijibu haraka. Wengine wawili waliinuka, wakanizunguka, na mimi, ambaye siku zote ndiye mwenye kuuliza, sasa nikatakiwa kujibu. Niliogopa, nikaogopa kabisa, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Ninafuata mutoto yangu! Ule mama alipita na mutoto yangu! Bale si bajukuu yake. Ni batoto ya batu, tunamulipaka abachunge juu tuende kazi!"

Mwenye tairi aliwatazama wenzake.

"Kumbe iko garderie," akasema. "Donc leo anatumika, anapata pesa."

"Na sisi tulimubebea batoto," mwingine akasema, naye hakuwa anacheka tena.

Wakanirudishia sakoshi. "Pita, mama. Asante."

Nilipanda ule mlima nikisikia ile asante. Sikujua bado nimefanya nini.

Niliwakuta nusu saa baadaye. Shamba la maharagi kwenye mteremko, kibanda cha nyasi, moshi mdogo. Wachanga walilala kivulini. Wakubwa walikuwa wamekaa duara wakimenya viazi vya moto, na binti yangu, uso umejaa majivu, alikuwa akimlisha mtoto wa mwenzangu anayefagia. Kutoka pale mtu aliona mji wote chini, na moshi mweusi wa tairi sehemu tatu. Nilimshika mtoto mkono nikamwinua kwa nguvu mpaka kiazi kikaanguka.

"Nani alikuruhusu kuleta mtoto wangu shamba?" nilimpigia Mukaka kelele. "Nani?"

Hakupiga kelele. Aliwahesabu watoto kwanza, kwa midomo tu, mpaka wa mwisho. Kisha akasema, "Nyumba yangu iko ku barabara. Uliona bati ya lango?"

Sikuwa nimeiangalia.

"Siku moja ya namna hii risasi ilipita mu bati, ikaingia mu godoro. Batoto balikuwa chini ya kitanda. Toka siku ile, mji ukifungwa, niko naleta batoto huku. Huku hakuna mutu ya kupiga."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisemaka. Lakini ninyi batu ya Beni, mukisikia shamba, munabeba mutoto munakimbia. Bamama batatu bamekimbia. Mmoja alifungia mutoto wake mu nyumba, peke yake, na kufuli, juu aende ku soko. Basi nikaacha kusema." Alinitazama tena viatu, kama siku ile ya kwanza. "Weye, ulipita namna gani pale ku mawe?"

Nilitaka kudanganya. Nakiri. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwamba wamenionea huruma. Lakini watoto walikuwa wananiangalia wote, na nikamwambia kila neno.

Mukaka alikaa chini, kwenye udongo, kikwembe chake kizuri hakukiangalia.

"Uliwaambia munanilipaka."

"Ndiyo, Mukaka."

"Ville morte ni siku tatu. Leo ni ya kwanza." Alitazama moshi wa mji kule chini. "Duka ya kufungua siku ya ville morte, unajua banafanyaka nini: banavunja, banachoma. Kesho siwezi kupita na hawa batoto. Na mu nyumba siwezi kubaki nabo. Imeisha, mama. Siku ya namna hii, imeisha."

"Nitarudi kuwaambia vijana..."

"Hapana ambia mutu tena!" Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara moja tu, na mtoto mchanga mmoja akaamka akalia. Alimchukua, akampakata. "Bamama batakuya saa kumi na moja. Mimi sitawaambia. Utabaambia weye mwenyewe."

Tulishuka alasiri kwa njia ya mbali, kupitia bondeni, ambayo wadogo wasingeweza kuipanda asubuhi, watoto wakilala wakitembea. Mkubwa wa kazi alikuwa amenipigia mara mbili. Sikupokea. Niliacha kuwaza kazi yangu, nikawa ninawaza kazi za wanawake kumi na watatu wengine.

Saa kumi na moja nilisimama langoni. Tundu la risasi lilikuwa pale, usawa wa kifua cha mtoto, limezibwa kwa kitambaa. Walikuja mmoja mmoja, kwa miguu, pua zimeziba kwa moshi: mwenye kufua kwenye hospitali kubwa, mwenye kupika kwa mapadri, mlinzi wa duka la dawa. Kila mmoja nilimwambia, na kila mmoja aliuliza swali lilelile, nani amewaambia vijana. Nikajibu ni mimi. Mmoja alinisonya. Mmoja alifunga mtoto mgongoni akaondoka. Mwenzangu anayefagia alikuja wa mwisho. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Na kesho?" aliniuliza. "Kesho niko ya asubuhi."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasema kwa sauti, wale waliobaki wasikie, "Kesho balete kwangu. Niko nabaki nyumba, kazi yangu imeisha. Nyumba yangu iko ndani kabisa, mbali na barabara. Nitabapikia, nitabachunga bote, bure."

Walinitazama. Mwenye kufua aliuliza, "Kwako ni wapi?" Nikamweleza. "Unakaa na nani?" Na mtoto wangu tu. "Bwana yako iko wapi?" Beni. "Na kwa nini unataka kuchunga batoto ya batu bure?" Nikamjibu, lakini kadiri nilivyojibu ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa madogo. Mwenzangu alimshika mwanawe mkono. Alisema, "Asante, mama, tutaona," akaniaga vizuri.

Asubuhi niliamka mapema. Nilifagia, nikatandika mikeka yote miwili na mablanketi juu yake, nikaazima chungu kikubwa kwa jirani. Binti yangu aliketi mlangoni na viatu vyake vya kamba kuwangojea wenzake, akawaita kwa majina kila aliposikia hatua njiani. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Saa nne aliniuliza wanakuja lini, nikamwambia aingie ndani. Nikampakulia maharagi, nikajipakulia na mimi, tukala wawili, na chungu kikabaki kimejaa.